De La Soul na 3 Feet High and Rising (1989): albamu ya kwanza iliyosifiwa kila kona halafu sifa zikawageukia

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu,

Nyuzi za hiphop ya kizamani humu ni Pac, Biggie, Nas na Wu-Tang, zikiisha zinaanza upya. Siwapingi hao, ni magwiji. Ila leo nataka tuwaongelee jamaa ambao wengi wenu mshawasikia bila kuwajua, maana ile Feel Good Inc. ya Gorillaz ya 2005 iliyopigwa kila mahali, wanaochana mle ndani ni De La Soul. Na sitaki historia yao yote, nataka albamu yao ya kwanza tu, 3 Feet High and Rising, iliyotoka mwanzoni mwa 1989 chini ya lebo ya Tommy Boy.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili anayepinga apinge vizuri. Hii albamu haikuumizwa na walioiponda, kwanza walioiponda walikuwa wachache sana. Iliumizwa na walioipenda. Watu waliipenda kwa sababu ambazo wenyewe hawakuzikusudia, na ukubwa wake ukawaamsha watu ambao isingekuwa kubwa wasingejua hata kama ipo. Nitafika huko, uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi usiku.

Kwanza wao ni kina nani. Watatu: Posdnuos, Trugoy the Dove na DJ Maseo. Wametoka Amityville, Long Island, nje kidogo ya jiji la New York, vijana wa shule ya sekondari tu waliokuwa wanaishi sehemu yenye nyumba na nyasi mbele, siyo Bronx wala Brooklyn, na hili ni muhimu kwa sababu ladha yao imetokea kwenye santuri za wazazi zilizokuwa sebuleni. Mtaa huohuo alikuwa anakaa Prince Paul, DJ wa kundi la Stetsasonic, naye alikuwa bado kijana lakini ameshaingia studio, ameshajua mambo yanavyoenda. Akasikia demo ya wimbo wao Plug Tunin' akaona hawa watoto wana kitu, akawachukua. Plug Tunin' ikatoka 1988 na ndo ikafungua mlango.

Sasa weka akilini hiphop ya wakati ule ilikuwaje. 1988 Public Enemy wametoka na It Takes a Nation of Millions, ngumi juu, ving'ora kwenye biti. N.W.A wanaanza kutikisa kutokea Compton. Cheni nene za dhahabu, uso umekunjwa. Halafu wanatokea hawa watatu na mashati ya rangirangi, nywele zimenyolewa kiajabu, cheni za ngozi zenye ramani ya Afrika, kasha la albamu lina rangi ya njano kali na maua yamechorwa kama kwenye daftari la mtoto. Kasha lenyewe lilibuniwa na wasanii wa Kiingereza wa Grey Organisation. Duka zima la santuri hakukuwa na kitu kinachofanana nalo.

#2 Mdau

Mkuu weka vitu, nimevuta kiti. Hao jamaa nilikuwa najua Me Myself and I tu

#3 Mleta uzi

Naendelea. Sehemu ya muziki, na hapa naomba nikae kidogo maana ndo moyo wa albamu.

Mle ndani kuna nyimbo 24 ukihesabu na vipande vya maigizo. Albamu inaanza na kipindi cha kubuni cha maswali na majibu, mtangazaji anawauliza washiriki vitu vya ajabu kabisa, mfano kuku wa dukani ana manyoya mangapi, na kipindi kile kinarudi rudi katikati ya nyimbo mpaka mwisho. Leo skiti, yaani hivyo vipande vya maigizo, kwenye albamu ya rap ni jambo la kawaida, kila mtu kafanya, lakini hawa pamoja na Prince Paul ndo walioifanya iwe sehemu ya albamu kweli kweli na wengine wote wakafuata.

Halafu biti. Maprodyuza wengi wa wakati ule walikuwa wanachimba James Brown na funk ya aina hiyohiyo, na ni tamu sina neno. Hawa wakachimba kila santuri iliyowapitia mkononi. Jina la albamu limetokana na wimbo wa Johnny Cash, mzee wa country, fikiria, kundi la rap la watoto weusi wa 1989 wanamchukua Johnny Cash. Eye Know ina Peg ya Steely Dan, na ule mluzi unaousikia ni wa Otis Redding kwenye Dock of the Bay. Say No Go ni Hall & Oates. Me Myself and I ni Funkadelic. The Magic Number imetoka kwenye wimbo wa katuni za kufundishia watoto hesabu. Kuna sehemu hadi wamechukua santuri ya kujifunzia Kifaransa. Ni makumi ya sampo, yaani vipande vilivyokatwa kwenye rekodi za watu wengine, zimeshonwa pamoja, na huoni mshono, hiyo ndo kazi ya Prince Paul, mtu ambaye mpaka leo naona hatajwi inavyostahili watu wakiorodhesha maprodyuza.

Na kwenye mistari usidanganywe na rangi za kasha. Say No Go inaongelea crack, inaanza na mtoto anayezaliwa tayari madawa yameshamharibia maisha. Ghetto Thang ni umasikini mtupu, hakuna utani mle. Potholes in My Lawn inawasema watu wanaoiba mistari ya wenzao. Walikuwa wanachana kwa mafumbo yao wenyewe, lugha ya kambini kwao, kwaiyo mtu akisikia juujuu anaona ni watoto wanacheza. Ukirudia mara tatu nne ndo unaona wamekaa chini wakafikiri.

#4 Mdau

Mleta uzi umeeleza vizuri ila mapokezi hujayaweka, ilifika namba ngapi? Maana humu watu wanasema albamu kali halafu ukicheki haikuuza

#5 Mleta uzi

Nilikuwa naelekea huko mkuu.

Chati ya albamu zote Marekani, Billboard 200, ilifika namba 24. Chati ya R&B ikakaa namba 1. Uingereza ilifika namba 13, na kule waliwapenda sana, The Magic Number iliingia kumi bora ya single. Me Myself and I ilishika namba 1 kwenye chati ya single za R&B Marekani na 34 kwenye Hot 100, chati kuu ya single kule. Kwa kundi jipya kwenye lebo ya kujitegemea, na muziki wa ajabu kama ule, hizo namba ni nzito sana.

Kwa waandishi ndo usiseme. Village Voice la New York kila mwaka lilikuwa linapigisha kura wahakiki wa nchi nzima, na 1989 wakaichagua 3 Feet High kuwa albamu ya mwaka. Gazeti la NME la Uingereza nalo likaiweka namba moja mwaka huohuo, juu ya albamu ya Stone Roses, kundi la rock la kwao, na Waingereza mnajua wanavyoipenda ile ya Stone Roses. Rap ilikuwa bado magazeti mengi yanaichukulia kama fasheni itakayopita, halafu albamu ya kwanza ya vijana hawa inawapita watu wote wa rock.

Sasa ndo shida inaanzia hapohapo. Waandishi waliisifia kwa kuwaita mahipi wa hiphop. Maua, amani, upendo, kama vile vijana wa miaka ya sitini wamerudi na maikrofoni. Ile daisy yao, lile ua, kwao ilikuwa ni kifupi cha maneno yenye maana ya sauti inayotoka ndani ya mtu, basi. Hawakuwa wanaimba kuhusu maua. Lakini lebo ikaona maua yanauza, magazeti yakaona maua yanaandikika, na kila mahojiano ni maua. Na kuna kitu kingine kinachoniumiza kwenye zile sifa, mhakiki akishawasifia hawa kwamba ni rap ya amani anakuwa anawasema wengine kimyakimya kwamba wao ni rap ya fujo. Hawa vijana wakawa wanatumika kama fimbo ya kuwachapia wenzao, na wao hawakuomba hiyo kazi. Hao N.W.A na Public Enemy walikuwa ni wenzao, siyo maadui.

Mtaani ikawa tafsiri yake ni kwamba jamaa ni walaini. Walipokuwa kwenye ziara kila mji anatokea mtu anataka kuwapima. Wenyewe wamesimulia kwenye mahojiano kwamba walipigana sana miaka ile, watu wanawaona na yale mashati wanadhani watanyamaza. Na Me Myself and I, wimbo uliowapa kula, waliuchoka kiasi kwamba jukwaani walikuwa wanawaimbisha mashabiki kwamba wanauchukia wimbo huu, halafu wanaupiga. Ukisikiliza mashairi yake ndo inauma zaidi, wimbo mzima unasema mimi ni mimi, msinihukumu kwa nguo. Watu wakaucheza miaka yote huku wanawahukumu kwa nguo.

#6 Mdau

Mimi nitapinga kidogo mkuu. Kama hukutaka kuitwa hipi usingeweka maua kwenye kasha. Picha waliitengeneza wao, iliwauzia, halafu ikishalipa ndo unalalamika? Msanii hawezi kuchagua watu wamuelewe vipi.

#7 Mleta uzi

Hoja nzuri mkuu na naiheshimu. Kweli kasha walilikubali na picha zile walipiga wenyewe. Ila tofautisha kuweka ua na kuambiwa wewe ni ua. Angalia walijibu vipi, hawakukaa kulalamika. 1991 wametoa albamu ya pili wakaiita De La Soul Is Dead, na kwenye kasha chungu cha maua kimeanguka kimevunjika. Wameua biashara yao wenyewe mbele ya lebo. Msanii anayependa hela tu angetoa 4 Feet High akala miaka mingine mitano. Na jarida la The Source likaipa ile ya pili maiki tano, alama ya juu kabisa, kwaiyo watu wa hiphop wenyewe walielewa.

Na usiisahau familia yao. Hawa hawakuwa peke yao, kulikuwa na Native Tongues, yaani Jungle Brothers, A Tribe Called Quest, Queen Latifah, Monie Love. Kwenye Buddy mle ndani ya albamu hii unamsikia Q-Tip kabla Tribe hawajatoa albamu yao. Njia ambayo Tribe walipita wakapendwa bila kuitwa walaini, waliofyeka msitu ni hawa na Jungle Brothers. Ndo maana inaniuma watu wakitaja Tribe halafu De La wanawekwa kwenye nk.

#8 Mdau

Vipi ile kesi ya Turtles? Nilisikia walilipishwa hela ndefu kwa sekunde chache tu za sampo. Na ndo ilifanya albamu isiwepo Spotify miaka yote?

#9 Mleta uzi

Hapo kuna mambo mawili watu huwa wanayachanganya, ngoja niyatenganishe.

La kwanza ni Turtles. Mle ndani kuna kipande kinaitwa Transmitting Live from Mars, ni dakika moja na kidogo, wala siyo wimbo, ni ile santuri ya Kifaransa juu ya mdundo uliopunguzwa kasi. Huo mdundo umetoka kwenye You Showed Me ya kundi la Turtles. Hakuna aliyeuombea ruhusa. De La wamesimulia kwamba wao waliiandikia lebo orodha ya sampo zote, lebo ikaenda kulipia zile za majina makubwa, vile vidogo ikaviacha. Wangeuza kopi elfu ishirini nani angejua? Lakini albamu ikawa kubwa, ikafika masikioni kwa wenye wimbo, wakaenda mahakamani. Ikaishia nje ya mahakama, na kiasi kinachotajwa sana ni dola milioni 1.7. Nadhani sasa mnaona nilichosema mwanzo, ukubwa wenyewe ndo uliwaleta wanasheria.

Kesi ile ikatisha kila studio Marekani. Halafu mwishoni mwa 1991 ikaja ya rapa Biz Markie na mwimbaji Gilbert O'Sullivan, jaji Kevin Duffy akatoa hukumu kali kwamba sampo bila ruhusa ni wizi, na hapo mlango ukafungwa kabisa. Baada ya hapo kutengeneza albamu yenye makumi ya sampo kama 3 Feet High ikawa haiwezekani kifedha, kila sampo ina mwenye wimbo na mwenye rekodi, wote wanataka kulipwa, wengine wanachukua wimbo mzima. Kwaiyo mtu akiniuliza kwanini hakuna albamu nyingine inayosikika kama ile, namwambia watu wenye kipaji wapo tele, bei ndo iliyowashinda.

Na msinielewe vibaya, mwenye wimbo alipwe. Bongo hapa tunajua prodyuza anavyochukua taarabu ya watu au dansi la kina mzee bila hata kuwataja, familia zao zinasikia redioni kama sisi tu. Hilo siyo sawa na sitalitetea. Ninachosema ni kwamba mzigo uliwaangukia vijana wa miaka ishirini wakati lebo ndo ilikuwa na wanasheria.

#10 Mleta uzi

La pili, kustrimu. Hapa siyo Turtles, ni karatasi.

Ruhusa za sampo zilizoombwa miaka ya themanini ziliandikwa kwa ajili ya santuri na kanda. Hakuna aliyeota kuna siku mtu atabeba muziki wote kwenye simu. Kwaiyo ilipokuja iTunes na baadae Spotify, zile ruhusa hazikufika huko, na kampuni iliyokuwa imeshika katalogi haikutaka kuingia kwenye mazungumzo upya na wenye haki mmoja mmoja kwa makumi ya sampo. Matokeo, kizazi kizima kimekua bila kuisikia. Unamwambia dogo msikilize De La Soul, anatafuta, anakuta hakuna kitu, anaona huyu mzee ananitania.

Februari 2014 siku ya wapendanao jamaa walifanya kitu ambacho nitawaheshimu nacho siku zote, waliiweka katalogi yao mtandaoni bure kwa saa 25, chukua unachotaka. Muziki wao wenyewe ambao hawakuwa na mamlaka nao, wakawapa watu bure ili usife.

2019 Tommy Boy, ikiwa imerudishiwa rekodi zile, ikatangaza kwamba sasa zinaenda mtandaoni. Mashabiki tumefurahi, halafu De La wakajitokeza kusema mgao wenyewe ni asilimia 90 kwa lebo na 10 kwao. Baada ya yote. Watu wakagoma, Nas akajitokeza upande wao, mtandao wa muziki wa Tidal wakakataa kuiweka, na lebo ikarudi nyuma. Mpaka 2021 kampuni ya Reservoir ilipoinunua Tommy Boy kwa dola milioni 100 ndo wakakaa mezani na De La wakaelewana, sampo zikapitiwa upya moja moja, na zilizoshindikana zikapigwa upya na wanamuziki. Mwishoni mwa 2021 hiyohiyo The Magic Number ikasikika mwishoni mwa sinema ya Spider-Man, watoto wakaanza kuulizana huu wimbo wa nani.

Tarehe 3 Machi 2023 ikaingia mitandaoni yote. Na Trugoy, David Jolicoeur, alifariki tarehe 12 Februari 2023, akiwa na miaka 54. Wiki tatu tu, wakuu. Miaka yote anapigania sauti yake isikike, ikabaki wiki tatu.

Naomba nipumzike hapo kidogo.

#11 Mdau

Daah. Hilo la wiki tatu sikuwa nalijua. Apumzike kwa amani

#12 Mdau

Uzi mzuri ila kuna kitu mleta uzi unakikwepa. Wewe unasema iliumizwa na walioipenda, lakini bila wale wahakiki hata Library of Congress, maktaba ya taifa ya Marekani, wasingeiweka kwenye rejista yao ya rekodi za taifa. Sifa hizohizo ndo zimeifanya ikumbukwe hata ilipokuwa haipatikani.

#13 Mleta uzi

Mkuu hiyo ni kweli, imo kwenye orodha ya 2010, na nakubali kwamba jina lake lilibaki hai kwa sababu ya magazeti. Lakini kukumbukwa jina na kusikilizwa ni vitu viwili. Miaka ile yote ilikuwa inatajwa kwenye kila orodha ya albamu bora na huku huwezi kuinunua kihalali kwenye simu yako. Watu walikuwa wanairithi sifa bila kuisikia, na wanarithi palepale pa maua. Hata leo ukisoma maandishi mengi aya ya kwanza ni mahipi wa hiphop. Miaka zaidi ya thelathini na walishavunja chungu mwaka wa pili tu!

Mimi naihukumu hivi: kama Ghetto Thang ingekuwa ndo single iliyosukumwa badala ya Me Myself and I, pengine wangeuza nusu, ila wangeeleweka. Siwalaumu kwa kutoa walichotoa. Ila lebo ilichagua, na magazeti yakachagua, na wao wakaenda kuishi na chaguo la watu wengine kila usiku jukwaani.

#14 Mdau

Mkuu naomba mwongozo, mimi ni wa 2001, rap ya zamani kabisa naanzia Eminem. Niisikilizeje hii bila kuchoka?

#15 Mleta uzi

Karibu sana dogo, umeuliza vizuri.

Usiweke kwa kuchanganya nyimbo, weka kuanzia ya kwanza, na skiti usiziruke hata kama mwanzoni huzielewi, zimeshika albamu yote. Tumia spika au hedifoni za maana maana kwenye simu tupu utazikosa besi na vitu vidogo vidogo vilivyofichwa nyuma. Eye Know na The Magic Number zitakuingia siku ya kwanza. Say No Go tafuta mashairi yake uyasome huku inapiga. Ghetto Thang isikilize peke yake usiku. Potholes itakushangaza kwa sauti za watu wa milimani mle ndani, upe muda.

Ukishaizoea nenda moja kwa moja De La Soul Is Dead, usipitie njia nyingine, ile ya pili ni jibu la haya mapokezi yote tuliyojadili na bila ya kwanza huwezi kusikia wana hasira na nini. Hiyo nitaifungulia uzi wake, kuna mdau hapo juu ameniahidi kubishana na mimi na naona hajamaliza.